Mtaje Mtoto Wako Siku ya Kwanza

Msomaji mpenzi, bila shaka wamjua mtu aliyekwenda kukaa Kanada. Labda ni ndugu yako, labda ni jirani, labda ni kijana mliyesoma naye darasa moja. Wengine walitoka katika kambi za wakimbizi, kama Nyarugusu mkoani Kigoma, Kakuma huko Kenya, au Nakivale huko Uganda. Wengine walikwenda kwa kazi au kwa masomo, kisha wakapewa ruhusa ya kukaa daima. Na mara nyingi mtu huyo ameacha mtoto nyuma. Mtoto yuko kwa bibi yake au kwa shangazi, naye huisikia sauti ya mzazi wake katika simu tu. Neno aulizalo ni moja: "Utanichukua lini?"

Makala hii yataka kumsaidia mzazi huyo, na wewe pia unayemlea mtoto wake, kulijibu swali hilo. Serikali ya Kanada humruhusu raia wake, na hata mkazi wa kudumu ambaye bado si raia, kumdhamini mtoto wake aliye nchi nyingine. Mtoto akikubaliwa, naye huwa mkazi wa kudumu. Ruhusa hiyo ni kubwa, na masharti yake si mazito kama watu wengi wanavyodhani. Walakini wako wazazi waliozuiwa, si kwa umaskini, wala si kwa ugonjwa wa mtoto, bali kwa jina moja ambalo halikuandikwa katika karatasi tangu mwanzo. Hilo ndilo tutakalolieleza zaidi.

NANI AITWA MTOTO?

Kwetu neno "mtoto" lina mapana. Mtoto wa ndugu yangu ni mtoto wangu. Mtoto wa dada yangu aliyefariki, niliyemlea tangu akinyonya, ni mtoto wangu, wala hakuna jirani atakayenibishia. Sheria ya Kanada haioni hivyo. Katika sheria hiyo mtoto ni yule uliyemzaa mwenyewe, au yule uliyemwasili kwa njia halali ya sheria, si kwa mapatano ya nyumbani tu. Awe hajatimiza miaka 22, wala asiwe na mume au mke, wala asiwe anakaa na mwenzi kama mume na mke. Aliyezaliwa nje ya ndoa ni mtoto sawasawa na aliyezaliwa ndani ya ndoa. Aliyepita miaka 22 huhesabiwa ikiwa tu amekuwa akimtegemea mzazi wake tangu kabla ya umri huo, kwa sababu ya hali ya mwili au ya akili isiyomwezesha kujitegemea.

Je, yule yatima wa dada yako hana njia? Anayo, lakini ni njia nyingine. Sheria yakubali umdhamini ndugu yako, mtoto wa ndugu yako, au mjukuu wako, ikiwa baba na mama yake wote wawili wamekufa, naye hajatimiza miaka 18, wala hajaoa wala kuolewa. Angalia vema: wazazi wote wawili. Ikiwa baba yu hai mahali fulani, hata kama hajamletea mtoto kalamu ya shule, mtoto huyo si yatima mbele ya sheria hii.

Hapo ndipo wengine hushawishika kumwandika mtoto wa dada kuwa mtoto wa kumzaa. Nia yao ni njema, kwa maana wampenda. Walakini njia ya mwongo ni fupi. Afisa akiona mashaka katika hati aweza kutaka kipimo cha vinasaba, yaani kile kiitwacho DNA, kwa gharama ya mwenye kuomba. Tena aliyesema uongo katika maombi huweza kufungiwa mlango wa Kanada kwa muda wa miaka 5. Mtoto ambaye labda angefunguliwa mlango wa yatima sasa hana mlango wo wote.

Neno jingine dogo, lakini la maana. Ikiwa ulikuwa umekwisha kuwa raia wa Kanada kwa kuapishwa kabla mtoto hajazaliwa, basi mtoto huyo, hata kama alizaliwa Mwanza au Bukavu, kwa kawaida ni raia tayari. Hana haja ya kudhaminiwa. Ahitaji kuombewa cheti cha uraia. Usitumie fedha na miezi kuomba kidogo kwa mtoto mwenye haki ya zaidi.

JINA LISILOANDIKWA

Sasa tufike kwenye kiini cha jambo. Mtu anapoomba ukazi wa kudumu wa Kanada, kwa njia yo yote ile, hutakiwa kuwataja watoto wake wote. Wote, msomaji mpenzi: atakaosafiri nao na atakaowaacha, walio kwake na walio kwa mama mwingine, wachanga na wakubwa wa umri wa kuhesabiwa. Na kwa kawaida hata wale wasiosafiri yawapasa kupimwa na daktari na kuchunguzwa. Asiyetajwa wala kuchunguzwa wakati ule, mzazi wake akirudi baadaye kutaka kumdhamini, sheria husema kwamba mtoto huyo si wa jamaa zake wanaoweza kudhaminiwa. Damu ni yake, sura ni yake, lakini karatasi yamkana.

Kwa nini serikali iliweka kanuni kali namna hii? Sababu yake ni kwamba yataka kuijua familia nzima kabla ya kumpokea mtu, isije ikafichwa habari leo na kudaiwa kesho. Twaweza kuiona ni kali, hasa kwa mtoto ambaye hakukosa neno. Hata hivyo ndiyo kanuni, na yatupasa kuijua.

Na kwa nini mzazi amfiche mtoto wake? Sababu ni nyingi, na ukizisikia utaona kwamba si zote za ubaya.

Wa kwanza ni baba aliyezaa kabla ya kuoa, au nje ya ndoa yake, na mkewe hajui. Anapoletewa fomu, mkewe ameketi karibu naye. Anaandika majina matatu, na la nne analimeza.

Wa pili ni mama aliye kambini. Amekwisha kuhojiwa, amekwisha kupimwa, sasa angojea tarehe ya ndege. Miezi inapita, naye anajifungua. Jirani amwambia, "Usiseme, mama. Ukisema watakurudisha nyuma uanze upya." Kwa hofu, amwacha mtoto mchanga kwa dada yake, akidhani atamwita baada ya miezi michache.

Wa tatu ni kijana aliyeambiwa na wakala wa mtaani kwamba asiye na mtoto hupita upesi.

Wa nne ni yule asemaye, "Mtoto yuko kwa mama yake, nasi tumeachana. Hatakuja huku kamwe. Ya nini kumwandika?" Lakini miaka ni mirefu. Mama huyo aweza kufa, au kuolewa mahali ambapo mtoto hakupokewa, na ndipo baba atakapotamani jina lile lingekuwa limeandikwa.

Wote wanne wamefika mahali pamoja. Basi shauri letu kwa kila anayeomba sasa ni hili: mtaje mtoto wako siku ya kwanza. Kumtaja si kuahidi kwamba atasafiri. Kumtaja ni kumwachia mlango wazi.

Na kama maombi yako yangali yakingojea, na kuna mtoto hukumtaja, usikate tamaa; andika leo kwa ofisi inayoshughulika na maombi yako ueleze. Kama mtoto amezaliwa baada ya viza kutolewa, sema kabla ya kupanda ndege. Na kama umefika uwanjani Kanada hujasema, sema kwa afisa kabla hajakupokea kuwa mkazi wa kudumu. Huenda ukacheleweshwa. Lakini kucheleweshwa miezi si sawa na kutengwa na mtoto kwa miaka. Mtoto aliyezaliwa baada ya wewe kupokewa kuwa mkazi wa kudumu hafungwi na kanuni hii, kwa kuwa hakuwako wa kutajwa.

WALIOKWISHA KUCHELEWA

Kuna msomaji atakayesema, "Mimi nimekwisha kuingia Kanada, na mtoto sikumtaja. Je, nimempoteza?" La, usiseme hivyo. Tarehe 9 Septemba 2019 serikali ya Kanada ilianza kwa majaribio mpango wa huruma kwa baadhi ya wazazi hao: wale waliopokewa kama wakimbizi kutoka nchi za nje, wale waliopewa ulinzi wakiwa Kanada kwenyewe, na wale ambao wao wenyewe walidhaminiwa kama mume, mke au mtoto. Mpango huo ni wa muda, nao umekuwa ukiongezwa muda zaidi ya mara moja. Kwa hiyo, kabla ya kuomba, angalia kwanza katika maelezo ya Idara ya Uhamiaji kwamba ungali ukitumika na kwamba wewe u miongoni mwa wanaohusika.

Asiyehusika na mpango huo aweza kuomba afikiriwe kwa huruma na utu. Hapo afisa hupima mambo mengi, na mojawapo kubwa ni faida ya mtoto mwenyewe. Hii si haki ya kudai, ni ombi. Nalo lahitaji ushahidi mwingi na maelezo ya kweli ya kwa nini mtoto hakutajwa. Ukifika hapo, yafaa kumwona mwanasheria. Wapo wanaosaidia wenye kipato kidogo kwa gharama ndogo au bure.

Jihadhari na watu wasio na kibali. Huko Kanada anayeruhusiwa kutoza fedha kwa ushauri wa uhamiaji ni mwanasheria mwenye kibali, au mthibitishaji wa sheria wa jimbo la Quebec, au mshauri aliyeandikishwa katika chuo cha washauri wa uhamiaji kilichoanza kazi yake Novemba 2021. Majina yao yaweza kutafutwa na mtu ye yote. Anayekwambia "nina mtu wangu ndani ya ofisi" hana mtu ndani ya ofisi.

MIAKA HAINGOJI

Wazee wetu walisema, chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Hakuna mahali methali hiyo inapofaa kuliko hapa. Umri wa mtoto anayedhaminiwa huhesabiwa siku ile maombi yaliyokamilika yanapopokelewa. Akiwa na miaka 21 na miezi 11 siku hiyo, atahesabiwa kuwa mtoto hata kama jibu litatoka akiwa na miaka 23. Lakini neno "yaliyokamilika" ni la kuangaliwa. Maombi yaliyokosa sahihi moja, au ada, au fomu moja, hurudishwa, na siku ya kwanza haihesabiwi. Mzazi akiyatuma tena baada ya mtoto kutimiza miaka 22, amechelewa.

Wala usitegemee kwamba sheria itakaa kama ilivyo. Tarehe 1 Agosti 2014 umri wa mtoto ulipunguzwa, ikawa asiwe ametimiza miaka 19. Tarehe 24 Oktoba 2017 ulirudishwa kuwa chini ya miaka 22. Kati ya tarehe hizo mbili, kijana wa miaka 20 ambaye zamani angehesabiwa mtoto hakuhesabiwa tena.

Aliyepokewa Kanada kama mkimbizi ana mlango mwingine ulio mfupi. Ikiwa aliwataja mke, mume na watoto wake kabla ya kusafiri, aweza kuwaombea wamfuate ndani ya mwaka 1 tangu alipofika. Mwaka ukiisha hubaki njia ya kawaida ya udhamini. Wageni wengi huutumia mwaka wa kwanza kutafuta nyumba, kazi na lugha, wakiahirisha karatasi za watoto mpaka watulie. Ndugu, usingoje utulie. Anza na watoto.

AHADI YA MDHAMINI

Wengi hudhani kwamba lazima uwe tajiri. Sivyo. Anayemdhamini mtoto wake ambaye bado hana mtoto hatakiwi kuonyesha kiasi fulani cha mapato. Awe ametimiza miaka 18, na kama ni mkazi wa kudumu, awe anakaa Kanada. Asiwe anapokea msaada wa serikali wa maskini, isipokuwa kwa sababu ya ulemavu, wala asiwe kifungoni, wala asiwe amefilisika na mambo yake hayajamalizika. Na ile ada ya haki ya ukazi wa kudumu wanayolipa watu wazima haitozwi kwa mtoto amtegemeaye mzazi.

Lakini mdhamini huweka sahihi yake chini ya ahadi, nayo si ya mchezo. Kwa mtoto anayefika kabla ya kutimiza miaka 22, yampasa kumtunza kwa miaka 10, au mpaka mtoto atimize miaka 25, lo lote litakalotangulia. Kwa aliyekwisha kupita 22, ni miaka 3. Mtoto akipokea msaada wa maskini wakati huo, mdhamini atadaiwa fedha hizo. Kupoteza kazi au kuachana na mwenzi hakuondoi ahadi. Wakazi wa Quebec hufanya ahadi yao na serikali ya jimbo hilo, kwa kanuni zake.

Na mzazi mwenye mtoto mlemavu au mgonjwa asiogope. Sheria ya Kanada haimkatazi mtoto wa mdhamini kwa sababu tu matibabu yake yatakuwa ya gharama kubwa. Atapimwa kama wengine, na hatari inayoangaliwa ni ile ya afya na usalama wa watu wote.

KARATASI NA USHAHIDI

Mali bila daftari huisha bila habari, na uzazi bila karatasi hutiliwa mashaka. Cha kwanza ni cheti cha kuzaliwa. Kama mtoto hakuandikishwa, nenda mapema: huko Tanzania ni kwa RITA, na nchi nyingine zina ofisi zao. Cheti kilichotolewa miaka 15 baada ya kuzaliwa huweza kuulizwa maswali, kwa hiyo kitafutie wenzake: kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, taarifa za shule, picha za tangu utoto, stakabadhi za fedha ulizotuma, barua na habari za simu. Ukitazama rundo hilo utaona kwamba hizo ndizo alama za mzazi kumtunza mtoto wake.

Mtoto aliye chini ya miaka 18 ambaye mzazi wake mwingine habebwi pamoja naye hutakiwa kuwa na tamko la mzazi huyo kwamba aridhia. Hapa ndipo ugomvi wa zamani hurudi. Baba aliyekuwa hajulikani alipo hutokea na kudai alipwe. Mama hukataa kwa kuwa aliumizwa. Ikiwa mmeachana, tengenezeni mambo hayo kabla ya fomu, mbele ya wazee mnaowaheshimu, na ikiwa lazima mbele ya mahakama. Mtoto si fidia ya ndoa iliyovunjika.

KWENU MNAOMLEA

Neno la mwisho ni kwako wewe, bibi, shangazi, au mjomba unayemlea mtoto huyo. Kazi yako ni kubwa, wala hakuna fomu inayoitaja. Yako mambo mawili ambayo wewe tu waweza kuyalinda.

La kwanza, kijana asioe wala kuolewa, wala asihamie kwa mwenzi, maombi yakiwa yangali njiani. Umri wake umekwisha kushikwa, lakini hali yake ya ndoa haikushikwa. Binti wa miaka 20 akipokelewa mahari leo na kwenda kwa mume, amepoteza nafasi yake, hata kama viza ilikuwa imebaki wiki moja. Usimfiche jambo hili. Mwambie wazi, na achague mwenyewe akijua.

La pili, mwandalie moyo. Mtoto aliyeachwa akiwa na miaka 4 akachukuliwa akiwa na miaka 13 haendi nyumbani. Anakwenda kwa mtu amjuaye kwa sauti tu. Wewe ndiwe mama aliyemzoea. Mzazi huko asishangae mtoto akilia usiku na kutaka kurudi kwa bibi. Ampe muda, amwache azungumze nawe kwa simu, wala asimwambie, "Nimetumia fedha nyingi kukuleta." Mtoto hakuomba hesabu hiyo.

Na kama mzazi wa mtoto unayemlea bado anajaza fomu, mpigie simu leo. Mwulize jambo moja tu: "Je, umemwandika?" Akisita kujibu, msaidie kusema kweli, hata kama kweli hiyo italeta maneno nyumbani. Maneno ya nyumbani huweza kusuluhishwa na wazee. Jina lililoachwa nje ya karatasi hulipwa na mtoto, naye hakuwako siku lilipoachwa.